Jina la kikoa likigongana na alama ya biashara: hatua kwa hatua

Mfumo wa kusajili majina ya kikoa, yaani majina ya anwani za tovuti, hauulizi maswali. Unaingia kwa msajili (kampuni inayouza majina hayo), unaandika jina, na kompyuta inakagua jambo moja tu: je, herufi hizo kwa mpangilio huo, chini ya kiishio hicho (kama .com), tayari zina mwenyewe? Kama hazina, unalipa na jina linakuwa lako kwa muda uliolipia. Hakuna karani anayefungua daftari la alama za biashara kuona kama umekanyaga haki ya mtu.

Daftari la alama nalo lina kanuni zake. Alama hulindwa nchi kwa nchi, na ndani ya kila nchi hulindwa kwa bidhaa au huduma zilizotajwa kwenye usajili. Uainishaji wa Nice, orodha ya kimataifa ya kupanga bidhaa na huduma, una madaraja 45, yaani 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Kwa hiyo neno moja linaweza kuwa alama ya mtengeneza matairi, ya benki na ya kiwanda cha sabuni kwa wakati mmoja, na wote watatu wasidhulumiane. Lakini .com ya neno hilo ni moja dunia nzima, na anayeipata ni aliyewahi.

Kuwahi peke yake si kosa. Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta, iliyobeba jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ya Nissan Motor ilimfungulia kesi Marekani mwaka 1999, na baada ya miaka mingi mahakamani jina lilibaki mikononi mwake. Anayedhani kwamba cheti cha alama ni ufunguo wa kila kikoa chenye neno lake aanze kwa kutafakari kesi hiyo.

Mwongozo huu unamhusu mwenye alama aliyekuta jina lake kwa mtu mwingine. Mwenye kikoa aliyeletewa malalamiko ana sehemu yake mbele, ingawa atafaidika zaidi akisoma yote, maana silaha ya upande mmoja ndiyo ngao ya upande wa pili.

Hatua ya 1: Panga tarehe kabla ya kupanga hoja

Chukua karatasi uandike tarehe tatu: siku alama yako ilipoanza kuwa na nguvu ya kisheria, siku mmiliki wa sasa alipolipata jina, na siku matumizi yanayokukera yalipoanza. Malalamiko mengi yanayoanguka huangukia hapa, wala si kwenye ufundi wa kuandika.

Tarehe ya kwanza iko kwenye cheti. Tofautisha siku ya kuwasilisha ombi na siku ya kusajiliwa. Ombi ambalo bado linashughulikiwa, kwa kawaida, halihesabiwi kuwa haki mbele ya majopo ya migogoro ya vikoa, yaani waamuzi wanaosikiliza mashauri haya nje ya mahakama. Kama hujasajili lakini umelitumia jina kwa miaka, bado unaweza kudai alama isiyosajiliwa, ila mzigo ni mzito. Utahitaji takwimu za mauzo, matumizi ya matangazo, habari za magazeti, na ushahidi kwamba wateja wakisikia jina hilo wanakufikiria wewe. Kusema tu kwamba umelitumia tangu zamani hakutoshi.

Tarehe ya pili ndiyo yenye mtego. Ingia kwenye huduma ya utafutaji ya ICANN (shirika linaloratibu mfumo wa majina ya kikoa duniani), lookup.icann.org, uandike jina. Mfumo wa RDAP, ambao umechukua nafasi ya WHOIS, mfumo wa zamani wa kutafuta taarifa za usajili wa vikoa, utakuonyesha siku jina lilipoundwa, siku lilipobadilishwa mara ya mwisho, siku litakapoisha, jina la msajili na anwani yake ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya. Mara nyingi jina la mmiliki halitaonekana. Tangu mwaka 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliposhika, wasajili wengi huzificha. Hilo lisikuzuie, tutaona sababu.

Sasa mtego wenyewe. Siku ya kuundwa siyo lazima iwe siku mmiliki wa sasa alipolipata. Kikoa kinaweza kuundwa 2004 na mtu wa kwanza, kikauzwa 2019 kwa mwingine. Kinachopimwa ni nia ya huyu wa pili mwaka 2019. Kinyume chake, kikoa kikiishia muda, kikafutwa, kisha kikasajiliwa upya, rekodi itaonyesha tarehe mpya ingawa jina lina historia ndefu. Linganisha rekodi za zamani za umiliki, mabadiliko ya seva za majina (kompyuta zinazoelekeza jina kwenye tovuti yake), na picha za tovuti kwenye hifadhi ya Internet Archive. Tovuti ikibadilika sura ghafla na seva za majina zikahama mwezi uleule, inawezekana sana jina lilibadilisha mikono. Na kumbuka kwamba mmiliki yuleyule kulipia tena kila mwaka si kulipata upya, kwa hiyo saa hairudishwi nyuma.

Kama jina lilipatikana kabla alama yako haijakuwepo, kwa UDRP (utaratibu wa kuamua migogoro ya vikoa bila mahakama, utakaoelezwa Hatua ya 3) umeshindwa karibu kabisa kabla hujaanza. Mtu hawezi kuwa na nia mbaya dhidi ya kitu ambacho hakijazaliwa. Upenyo uliopo ni mwembamba, kwa mfano pale mtu anaposajili jina siku ileile magazeti yanapotangaza kuungana kwa kampuni mbili, akijua alama mpya inakuja. Nje ya hali za namna hiyo, okoa ada yako uende kwenye mazungumzo ya kununua.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi ukiwa kimya

Usimwandikie mmiliki neno lolote kabla hujamaliza hatua hii. Barua ya vitisho ikimfikia, tovuti inaweza kubadilika ndani ya saa moja. Matangazo ya washindani wako yanatoweka na badala yake unawekwa ukurasa wa shairi au picha za paka. Mwingine huhamishia jina kwa msajili wa nchi nyingine ili kukusumbua.

Piga picha za skrini za kurasa zote, huku anwani na tarehe zikionekana. Hifadhi pia ukurasa kwenye Internet Archive ili pawe na nakala usiyoishika wewe. Fungua tovuti kutoka zaidi ya sehemu moja, kwa sababu kurasa za matangazo ya kubofya huonyesha vitu tofauti kulingana na mahali alipo msomaji na alichokuwa akitafuta. Usitegemee tangazo lililojitokeza kwa sababu kivinjari chako kinakumbuka umekuwa ukitafuta bidhaa zako mwenyewe, maana jopo makini litauliza swali hilo.

Angalia kumbukumbu za barua pepe za kikoa hicho, zile zinazoitwa rekodi za MX. Kikoa kisicho na tovuti lakini kilichowashwa kupokea na kutuma barua pepe ni dalili mbaya, hasa kama jina limefanana na lako kwa tofauti ya herufi moja. Tuseme alama yako ni neno la kubuni, zumbiko. Mtu anayesajili zumbikko, zurnbiko (herufi r na n zikibanana huonekana kama m), au zumbiko-malipo, kisha akawasha barua pepe, huenda anajiandaa kutuma ankara bandia kwa wateja wako. Ukipata hata ankara moja ya namna hiyo, ihifadhi pamoja na vichwa kamili vya barua pepe.

Chunguza pia kama mmiliki huyo ana majina mengine yenye alama za watu. Mtindo wa kurudiarudia ni ushahidi unaotajwa waziwazi kwenye kanuni.

Hatua ya 3: Jipime kwa vigezo vitatu

Utaratibu unaotawala migogoro ya .com, .net, .org na viishio vyote vya jumla ni UDRP, ambao ICANN iliupitisha mwaka 1999. Kila anayesajili jina chini ya viishio hivyo ameukubali ndani ya mkataba wake na msajili, hata kama hakuusoma. Kesi ya kwanza, iliyohusu worldwrestlingfederation.com, iliamuliwa Januari 2000.

Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu, na yote matatu kwa pamoja. Ukipata mawili umeshindwa.

La kwanza ni kwamba jina la kikoa linalingana na alama yako au linafanana nayo kiasi cha kuchanganya. Hiki ni kizingiti cha chini. Kiishio chenyewe kwa kawaida hakihesabiwi. Kuongeza neno kama duka, rasmi au msaada mbele au nyuma ya alama mara nyingi hakumwokoi mtu, mradi alama bado inatambulika.

La pili ni kwamba mmiliki hana haki wala maslahi halali katika jina hilo. Hapa unathibitisha kitu kisichokuwepo, kazi isiyo rahisi, kwa hiyo majopo hukubali uonyeshe picha ya awali: haitwi jina hilo, hukumpa leseni, hafanyi biashara ya kweli kwa jina hilo. Ukishaonyesha, mzigo wa kutoa maelezo unahamia kwake.

La tatu ni kwamba jina lilisajiliwa kwa nia mbaya na linatumiwa kwa nia mbaya. Soma tena neno “na”. Si “au”. Mtu aliyelisajili kwa nia njema mwaka 2010 kisha akaanza kulitumia vibaya 2022 anaweza kuponyoka UDRP, ingawa asiponyoke mahakamani. Kanuni zinatoa mifano minne ya nia mbaya: kulipata jina hasa ili kukuuzia wewe au mshindani wako kwa bei inayozidi gharama zake; kukuzuia usipate jina, pale anapokuwa na mtindo wa kufanya hivyo; kuharibu biashara ya mshindani; na kuvuta watu kwa faida kwa kuwachanganya na alama yako. Orodha hiyo haijafungwa.

Je, jina likikaa tu bila tovuti? Uamuzi wa Telstra dhidi ya Nuclear Marshmallows wa mwaka 2000 ulijibu kwamba kulikalia jina bila kulitumia kunaweza nako kuwa matumizi kwa nia mbaya. Jopo lilitazama umaarufu wa alama, jinsi mmiliki alivyojificha, na ukweli kwamba hakukuwa na matumizi halali yanayofikirika. Wenye alama hupenda kuutaja uamuzi huu kila mahali, hata pale ambapo alama yao inajulikana mtaa mmoja tu. Haufiki huko. Kadiri neno lilivyo la kawaida, ndivyo hoja hiyo inavyodhoofika.

Maneno ya kamusi yana uzito wake. Chumvi ni neno la kila mtu. Mwenye kikoa chenye neno chumvi na anayeandika kuhusu chumvi, au anayeuza chumvi, anatumia neno kwa maana yake. Hata aliyelinunua ili aliuze kwa faida kwa sababu ni neno zuri hajafanya kosa, mradi hakumlenga mwenye alama fulani. Ulanguzi unaolaumiwa ni wa alama ya mtu, biashara ya maneno ya kawaida haimo. Mwaka 2000 mwanamuziki Sting alishindwa kulipata sting.com kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine, na mwaka huohuo Madonna alishinda madonna.com. Ukizisoma kesi hizo mbili pamoja utaona tofauti iko kwenye jinsi mmiliki alivyolitumia jina. Ukubwa wa nyota haukuamua chochote.

Muuzaji wa bidhaa zako halisi ni jambo lingine linalochanganya wengi. Uamuzi wa Oki Data wa mwaka 2001 uliweka masharti: awe kweli anauza bidhaa hizo, auze hizo tu na asitumie jina kama chambo cha bidhaa za washindani, aseme waziwazi uhusiano wake na mwenye alama, na asijinyakulie majina yote hadi mwenye alama akose la kujieleza. Akitimiza yote, anaweza kubaki nalo. Fundi wa kutengeneza bidhaa zako hupimwa kwa mizani hiyohiyo.

Na mkosoaji? Anayetumia jina kukosoa bila faida ana utetezi, na utetezi huo ni imara zaidi pale jina lenyewe linapoonyesha kwamba ni ukosoaji. Akichukua alama yako tupu, bila neno lolote la ziada, majopo mengi huona anajifanya wewe.

Hatua ya 4: Chagua njia, na usichague mbili zinazogongana

Kununua. Kwa jina lililopatikana kihalali hii ndiyo njia ya busara, na wakati mwingine ni rahisi kuliko ada ya malalamiko. Tumia dalali asiyetaja mteja wake, na pesa zipitie kwa mtu wa kati anayezishika hadi jina lihame. Tahadhari moja: mazungumzo yakivunjika kwa sababu ya bei, usigeuke siku ya pili kufungua malalamiko. Majopo yanaujua mchezo huo na yameshawatia walalamikaji wengi doa la kujaribu kunyang'anya jina kwa hila. Pia, bei aliyoitaja kwa sababu wewe ndiye uliyemuuliza ni ushahidi dhaifu wa nia mbaya. Aliyekuja mwenyewe kukubembeleza ununue ana kesi nyingine kabisa.

Kuripoti matumizi mabaya. Kama kuna utapeli unaoendelea, kama kurasa za kuiba nywila au ankara bandia, usisubiri jopo. Peleka ushahidi leo kwa msajili na kwa mwenye seva. Hili halikupi jina, linazima moto tu.

UDRP. Unapata jina au linafutwa, basi. Hakuna fidia, hakuna gharama za wakili. Chagua kuhamishiwa, kwa sababu jina lililofutwa linarudi sokoni na mlanguzi wa pili atalidaka.

URS. Huu ni utaratibu wa haraka zaidi, uliotungwa kwa ajili ya viishio vipya vilivyoanza kufunguliwa mwaka 2013. Ada yake iko chini, malalamiko yana kikomo cha maneno 500, lakini ushahidi lazima uwe wa wazi kabisa, na ukishinda jina linasimamishwa tu hadi muda wake wa usajili uishe. Halihamii kwako.

Viishio vya nchi. Kila kimoja kina kanuni zake, na hapa watu hupotea kwa kudhani zote ni UDRP. Baadhi, kama .tv, .me na .co, vimeikubali UDRP. Lakini Nominet, inayosimamia .uk, ina utaratibu wake unaoangalia kama jina lilipatikana isivyo haki “au” lilitumiwa isivyo haki, na una kipindi cha upatanishi kabla ya uamuzi. Kwenye .eu pia inatosha kuonyesha usajili au matumizi ya nia mbaya. Kesi inayoanguka kwenye .com inaweza kusimama huko.

Mahakama. Nenda huko ukitaka fidia, ukitaka amri ya haraka ya kuzuia, au mgogoro ukiwa mpana kuliko jina: mkataba uliovunjika, mbia aliyeondoka na nywila, mtengeneza tovuti aliyejisajilia jina la mteja wake. Mambo haya majopo huyarudisha yakisema si ya kwao. Marekani ina sheria mahususi ya mwaka 1999 dhidi ya walanguzi wa majina, yenye fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina, na inaruhusu kulishtaki jina lenyewe pale mmiliki asipopatikana. Kwa njia hii tafuta wakili wa nchi husika. Huku si mahali pa kutia mkono gizani.

Hatua ya 5: Andika malalamiko

Chagua kituo kilichoidhinishwa na ICANN. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, ndilo linalojulikana zaidi. Kuna pia Forum ya Marekani, kituo cha Asia chenye ofisi kadhaa, mahakama ya usuluhishi ya Cheki, na vingine. WIPO inatoza dola 1,500 kwa jina moja hadi matano mbele ya mwanajopo mmoja, na dola 4,000 kwa wanajopo watatu. Unaweza kuunganisha majina kadhaa kwenye lalamiko moja kama mmiliki ni mmoja.

Kuhusu mmiliki aliyefichwa: fungua malalamiko ukitaja huduma ya faragha au taarifa zilizofichwa kama zinavyoonekana kwenye rekodi. Kituo kitamwomba msajili taarifa halisi, kisha utapewa siku 5 za kurekebisha malalamiko. Siku hizo ni dhahabu, zitumie. Jina la kweli likifichuka, tafuta kama amewahi kushindwa kesi nyingine, kama kweli anaitwa jina linalofanana na kikoa, kama ana alama iliyosajiliwa mahali. Mlalamikaji anayebadilisha jina la mlalamikiwa tu na kuacha hoja zilezile anapoteza nafasi bora kuliko zote.

Lugha ya shauri ni lugha ya mkataba wa usajili, isipokuwa pande zikikubaliana au jopo likiamua vingine. Mkataba ukiwa wa Kichina na wewe umeandika kwa Kiingereza, omba kibali mapema na utoe sababu: tovuti iko kwa Kiingereza, mmiliki aliwahi kukuandikia kwa Kiingereza.

WIPO inakupa maneno 5,000. Usiyamalize. Ambatisha cheti cha alama chenye namba, nchi, daraja na tarehe, na kama alama imehamishwa kutoka kampuni nyingine onyesha mnyororo wa umiliki. Ambatisha mkataba wa usajili, rekodi ya kikoa, picha za skrini, barua zote mlizoandikiana. Zote, hata zile zisizokupendeza, kwa sababu mlalamikiwa atazileta na kimya chako kitakuhukumu. Kila dai liwe na namba ya kielelezo. Taja pia mahakama utakayoikubali endapo mshindwa atakwenda mahakamani: ama ya makao makuu ya msajili, ama ya anwani ya mmiliki iliyo kwenye rekodi. Huwezi kuchagua ya nyumbani kwako kwa kupenda.

Hakuna kikao, hakuna mashahidi wa kuhojiwa, na nyongeza baada ya kuwasilisha hupokelewa kwa hiari ya jopo tu. Ulichosahau kimesahaulika.

Hatua ya 6: Fuata kalenda

Msajili ana siku 2 za kazi kulifunga jina lisihamishwe baada ya kituo kumwandikia, na mmiliki hajulishwi kabla ya hapo. Kituo kikikuta kasoro kwenye karatasi zako, una siku 5 za kuzirekebisha, la sivyo shauri linaondolewa. Malalamiko yakishatumwa rasmi, mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na akiomba anaongezewa 4 bila maswali. Jopo likishateuliwa lina siku 14 za kuamua. Kwa jumla hesabu miezi miwili hivi, bila mivutano.

Wengi hawajibu. Hilo halikupi ushindi wa bure, bado jopo litapima vigezo vyote vitatu kwa ulichokileta wewe.

Jina likiisha muda katikati ya shauri, unaweza kulilipia kwa masharti yaleyale aliyokuwa nayo mmiliki. Liweke tarehe ya kuisha kwenye kalenda yako, usiachie bahati.

Kama wewe ndiye uliyeletewa malalamiko

Kwanza hakikisha ni ya kweli. Kuna barua pepe za kitapeli zinazozunguka miaka mingi zikidai kampuni fulani inataka kusajili jina lako chini ya viishio vya Asia, na kwamba uwahi kulipia. Hizo zifute. Taarifa halisi hutoka kwenye kituo kinachojulikana, ina namba ya shauri, na unaweza kuithibitisha kwenye tovuti ya kituo hicho.

Ikiwa ni ya kweli, usiguse tovuti. Kuondoa matangazo baada ya kupata taarifa huonekana kama kufuta nyayo. Usijaribu kuhamisha jina, limeshafungwa. Hesabu siku 20 kuanzia tarehe iliyotajwa kwenye taarifa.

Jibu lako lijengwe kwa hati za kabla ya ugomvi: ankara ya kulinunua jina, mpango wa biashara, barua za mbunifu wa nembo, leseni, picha za tovuti za zamani, na kitambulisho au vyeti kama jina ni lako la kuzaliwa. Hati moja ya zamani ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo mapya. Kama neno ni la kamusi, onyesha wangapi wengine wanalitumia na kwamba wewe unalitumia kwa maana yake.

Ukiwa na kesi yenye utata, omba wanajopo watatu. Utachangia nusu ya ada, yaani dola 2,000 kwa WIPO, lakini utakuwa na sauti katika uteuzi wao. Kwa jina lenye thamani, hizo ni pesa zilizotumika vizuri. Kama mlalamikaji alijua hana kesi, kwa mfano alama yake ni changa kuliko kikoa chako, liombe jopo litamke kwamba alijaribu kunyang'anya jina kwa hila. Hutalipwa, ila tamko hilo huchapishwa likiwa na jina lake.

Uamuzi ukitoka

Msajili hutekeleza uamuzi wa kuhamisha baada ya siku 10 za kazi tangu alipojulishwa. Ndani ya muda huo mlalamikiwa aliyeshindwa anaweza kufungua kesi kwenye ile mahakama iliyotajwa, na akituma uthibitisho kwa msajili utekelezaji unasimama. Mlalamikaji aliyeshindwa naye anaweza kwenda mahakamani, lakini kurudia UDRP ileile hakukubaliwi ila kwa sababu nzito, kama ushahidi mpya ambao usingeweza kupatikana mwanzo.

Siku 10 zikipita, mwandikie msajili mara moja ukiwa na nakala ya uamuzi na akaunti iliyo tayari. Wasajili wengi hukuhamishia kwenye akaunti iliyo kwao, kisha unahama baadaye ukipenda. Weka umiliki kwa jina la kampuni, si la mfanyakazi aliyeshughulikia faili wala wakala wa tovuti. Badilisha seva za majina, futa rekodi za barua pepe alizoacha aliyetangulia, washa kufuli la uhamisho, weka malipo ya kujirudia, na lipia miaka kadhaa mbele. Kikoa cha .com kisipolipiwa kinaweza kufutwa, na msajili akishakifuta kina siku 30 za kukombolewa kwa gharama kubwa, kisha siku 5 za kusubiri, halafu kinaachiwa kwa mtu yeyote aliye macho.